Picha si Nyama

Yapo mambo ambayo mtu akiyasikia mara ya kwanza huyacheka, na akiyafikiri baadaye huacha kucheka. Mojawapo ni hili la chakula cha mbwa. Tutaulizwa: gazeti lisomwalo na wafanya kazi lina haja gani na kopo la mbwa, ilhali ziko nyumba ambazo watoto hawaonji nyama kwa juma zima? Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu. Mbwa wa mtu wa kawaida si pambo. Analinda kuku, baiskeli na nguo zilizoanikwa. Analinda duka wakati mwenyewe amelala. Chakula chake hulipwa kwa mshahara ule ule unaonunua unga wa watoto. Basi shilingi ikitoka kwa ajili yake, mwenye shilingi anayo haki ya kujua amenunua nini.

Siku hizi maduka makubwa ya mijini yana rafu nzima za mifuko na makopo hayo, mengi yakiwa yametoka ng'ambo. Mbele ya mfuko pana mbwa mwenye manyoya ya kung'aa, na kando yake paja la kuku lililonona. Wazee wetu walisema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Ukweli, kama upo, umewekwa nyuma ya mfuko, kwa herufi ndogo za kupekecha macho.

Tuchukue kanuni za Marekani, kwa kuwa zimeandikwa wazi na kila mtu aweza kuzipima. Huko kipo chama cha maofisa wasimamizi wa vyakula vya wanyama, ambacho kwa kifupi huitwa AAFCO, na kanuni kinazoziandika hufuatwa na majimbo mengi. Chakula kikiitwa kwa jina tupu, yaani “Nyama ya Ng'ombe kwa Mbwa”, nyama hiyo haina budi kuwa sehemu 95 katika mia, bila kuhesabu maji yaliyotiwa. Likiongezwa neno moja dogo, kikaitwa “mlo wa nyama ya ng'ombe”, sehemu 25 zatosha. Kikiitwa “chakula chenye nyama ya ng'ombe”, sehemu 3 zatosha. Na kikiitwa “chakula cha ladha ya nyama ya ng'ombe”, hapana kiwango cha nyama hata kidogo, bali yatosha ladha itambulikane. Tazameni umbali ulioko baina ya 95 na 3, na daraja lake ni neno moja! Ama maneno kama “bora” na “teule”, hayo katika kanuni hizo hayana maana yoyote. Yanaeleza bei tu.

Baada ya jina hufuata orodha ya vitu vilivyotiwa, navyo hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Hapa nako pana ujanja. Kuku mbichi, ambaye zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, huandikwa wa kwanza. Kisha yanafuata mahindi, pumba za mahindi, na gluteni ya mahindi, kila kimoja peke yake, kana kwamba havikutoka katika gunzi moja. Msomaji akivijumlisha ataona kwamba alichonunua ni mahindi yaliyopitiwa na kuku. Lakini tusiwe wepesi wa kulaumu kila neno. Wako watu waonao neno “mabaki ya machinjoni” wakakunja pua. Mabaki hayo ni maini, figo, wengu na mapafu. Nywele, pembe, meno na kwato haziruhusiwi kuwamo. Sisi tunaokula maini kwa furaha hatuoni sababu ya mbwa kuyaonea haya.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Kopo laweza kusema lina protini sehemu 8 katika mia, na mfuko wa chakula kikavu ukasema 24. Mnunuzi hudhani mfuko umelishinda kopo mara tatu. La hasha. Kopo mara nyingi ni maji sehemu 78, kwa hiyo chakula chenyewe ni sehemu 22. Gawanya 8 kwa 22, utapata protini yapata 36 katika mia. Mfuko una maji sehemu 10. Gawanya 24 kwa 90, utapata yapata 27. Kumbe kopo ndilo lenye protini nyingi zaidi. Lakini usilikimbilie kwa pupa. Kopo la gramu 400 lina gramu 88 tu za chakula kikavu, na kilo moja ya mfuko ina gramu 900. Ili kuifikia kilo hiyo utahitaji makopo kumi na zaidi. Mwenye mshahara mdogo afanye hesabu hiyo palepale dukani kabla ya kutoa fedha, wala asimwonee haya muuzaji.

Liko tamko moja ambalo, kama hatusomi jingine, yatupasa tulisome: lile lisemalo kwamba chakula hiki kimekamilika, na kimekamilika kwa mbwa wa umri gani. Kanuni tulizozitaja zataka mbwa mzima apate protini isiyopungua sehemu 18 katika mia ya chakula kikavu, na mtoto wa mbwa au mama mwenye mimba apate 22 na nusu. Mfuko ukisema ni wa kulisha mara moja moja au wa kuongezea tu, huo ni kitoweo, si chakula. Anayemlisha mbwa kitoweo hicho peke yake kila siku anamdhoofisha, naye anadhani anamdekeza.

Hata hivyo karatasi haisemi yote, na yaliyotokea mwaka 2007 yatuonyesha. Katika Marekani na Kanada mbwa na paka walianza kufa kwa maradhi ya figo. Kampuni moja tu ilirudisha makopo na pakiti zipatazo milioni 60, zenye majina ya biashara mengi, ya bei ghali na ya bei nafuu, yote yametoka chungu kimoja. Ndani yake ilitiwa gluteni ya ngano iliyotoka China, nayo ilikuwa imechanganywa na melamini, kitu cha kutengenezea sahani za plastiki. Kwa nini? Kwa sababu kipimo cha kawaida cha protini hakipimi protini yenyewe, bali hupima naitrojeni, na melamini ina naitrojeni tele. Namba ikapendeza, figo zikaharibika. Walioyaona hayo kuwa ni msiba wa mbwa tu hawakungoja sana. Mwaka 2008 melamini hiyo hiyo ilionekana katika maziwa ya watoto huko China. Watoto wachanga 6 walikufa na wapatao 300,000 waliugua.

Wengi wetu, lakini, hatununui mfuko wala kopo. Mbwa wetu hula ugali. Unga wa mahindi una protini yapata nusu tu ya kiasi kimtoshacho mbwa mzima, basi ugali mtupu hujaza tumbo na kuacha mbavu zikionekana. Ukichanganywa na dagaa wakavu, protini huongezeka, na kwa kuwa dagaa huliwa pamoja na mifupa yao, huleta pia kalsiamu. Nyama tupu isiyo na mfupa, ambayo matajiri huiona ni heshima kubwa kwa mbwa wao, huwapindisha miguu watoto wa mbwa kwa kukosa kalsiamu hiyo. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake.

Na iko desturi moja tunayoipinga kabisa: mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mama wa nyumba ameyakataa, kuambiwa “mpeni mbwa”. Ukungu huo huzaa sumukuvu, iharibuyo ini. Mwaka 2004 huko Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo, na 125 wakafa. Mbwa naye haikwepi. Marekani, mfuko wa chakula chenye sumu hiyo, uliogunduliwa mwisho wa mwaka 2020, ulitajwa katika vifo vya mbwa zaidi ya 110.

Tunalo neno kwa waagizaji wa mifuko hiyo. Mingi imeandikwa kwa Kiingereza tu, na mlinzi ampaye mbwa chakula usiku hawezi kusoma anachokimimina. Wabandike karatasi ndogo ya Kiswahili yenye mambo manne: maji kiasi gani, protini kiasi gani, ni kwa mbwa wa umri gani, na mwisho wa kutumika ni lini. Gharama yake ni wino na gundi.