DENI LA NYUMBA NA WENZETU WALIOTUDHAMINI



Wanachama kadha wa tawi letu, hasa wale wenye boma zao upande wa Homa Bay na Migori, wametuuliza kama yafaa mtu kulipa deni la nyumba kabla ya wakati wake, au ni heri akatwe polepole mpaka miaka iishe, na kinachobaki wale watoto. Ni swali la haki, na mwandishi wa ukurasa huu atalijibu kwa mambo aliyoyapitia mwenyewe, maana mengine ni ya kusikia tu.

Kwanza tukumbuke hali yetu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Homa Bay ilipata meli za reli zilizotia gati na kuchukua abiria na mizigo. Mji wa Migori haukuona hata hiyo. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiajiriwa reli hukaa mbali na nyumbani. Baba zetu wengi walikaa nyumba za reli miaka 30, na siku ya kustaafu walikabidhi ufunguo kwa karani, wakapanda gari na masanduku mawili kurudi kwenye kibanda ambacho mvua ilikuwa inapita. Tuliyaona hayo tukiwa watoto. Ndiyo maana kila kijana wa reli wa siku hizi ataka nyumba yake mapema.

Lakini mikopo ya nyumba ya benki si ya watu kama sisi. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu mikopo ya nyumba kama 30,000 tu mwishoni mwa mwaka 2023, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilikuta watu zaidi ya milioni 47. Mfanyakazi wa kawaida hukimbilia sacco. Huko hukopeshwa mara tatu ya akiba yake, na kwa fungu lisilofunikwa na akiba hiyo hutafuta wadhamini. Na wadhamini ni nani? Ni sisi kwa sisi. Ni yule unayekunywa naye chai karakana.

Januari 2022 nilikuwa na akiba ya Sh. 200,000, nikakopa Sh. 600,000 kwa miaka mitano, kwa riba ya asilimia moja kila mwezi juu ya deni lililobaki. Nilimalizia nyumba ya vyumba vitatu kwenye ploti yetu Rongo. Nikakatwa Sh. 13,347 kila mwezi, pamoja na Sh. 2,000 za akiba. Wenzangu watatu walitia sahihi. Mmoja wao alikuwa mzee wa kikosi chetu, mtu wa Ndhiwa, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi.

Mwisho wa Machi 2023 mzee huyo alistaafu. Alikuwa ameweka akiba miaka mingi, akaenda kuomba fedha zake ili aezeke nyumba yake mabati. Akaambiwa kwamba hawezi kuzitoa, maana amedhamini mkopo wa mtu na mkopo bado. Mtu huyo ni mimi. Nilikuwa nimelipa miezi 14, na deni lilikuwa bado Sh. 490,000 na kitu. Ama nimtafutie mdhamini mwingine, ama deni lishuke mpaka lilingane na akiba yangu mwenyewe. Nilizunguka kwa wenzangu wiki mbili. Kila mmoja alikuwa amekwisha kudhamini watu mpaka shingoni. Mzee hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, fanya uwezavyo, nyasi ya zamani itavumilia mvua moja." Maneno yale yalinichoma kuliko matusi.

Nikapanda gari nikaenda Rongo. Usiku ule mimi na mama watoto tuliwasha taa tukapiga hesabu kwenye daftari la mtoto. Kwa mwendo wa kawaida deni lingelingana na akiba baada ya miezi 23. Tukiongeza Sh. 7,000 kila mwezi, ingekuwa miezi 15. Hapo nilidhani nitamwambia mke wangu apunguze matumizi, kama tulivyozoea sisi wanaume kusema. Yeye akaniuliza ovataimu yangu huenda wapi. Sikuwa na jibu zuri.

Basi tulifanya hivi. Ovataimu yote haikufika tena mfukoni. Siku ya mshahara Sh. 4,000 zilikwenda kwenye mkopo kabla sijanunua hata kiberiti. Mama watoto alikuwa akiuza omena sokoni Rongo kwa kununua kutoka kwa wachuuzi. Akaanza kwenda mwenyewe Homa Bay kwa njia ya Rodi Kopany, na kununua siku za giza, maana wavuvi huivua omena usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali hupatikana chache na bei hupanda. Hapo ikapatikana Sh. 2,000. Elfu moja ya mwisho ilitoka jikoni. Mahindi tulinunua kwa gunia mwezi wa Agosti wakati wa mavuno, si kwa gorogoro mwezi wa Mei yanapokuwa ghali. Mboga tulipanda nyuma ya nyumba, mnavu na kunde, na maji ya kuoshea vyombo yakazinywesha. Sukari ilifungiwa kabatini. Mikopo ya simu, ile ya kukopa jioni na kulipa na nyongeza mwisho wa mwezi, tuliiacha kabisa, na naona hiyo peke yake ingemwokoa mwanachama mmoja kati ya kila wawili wanaosoma hapa.

Jambo lililokuwa zito kwetu ni matanga. Ninyi nyote mwajua desturi yetu. Mtu wa reli akionekana kijijini huandikwa kiasi kikubwa kwenye karatasi ya mchango kabla hajaketi. Tuliamua kiasi kimoja kidogo kwa kila msiba, na zaidi ya hapo tutoe mikono. Nimechimba kaburi, nimepasua kuni, nimechota maji. Wako waliosema kwamba reli imemfanya huyu bahili. Maneno hayo yaliuma mwezi wa kwanza na wa pili, kisha watu wakapata mtu mwingine wa kumsema.

Sasa nieleze kosa letu, ili mwingine asilirudie. Mwezi wa tatu wa mpango huu nilitaka kuongeza mwendo, nikakata fedha za chakula cha mchana cha binti yetu shuleni, Sh. 900 kwa mwezi. Nilisema atakula vizuri jioni. Baada ya wiki chache mwalimu wake alituma barua kwamba mtoto analala darasani kila alasiri. Mama watoto aliniwekea barua ile mezani, akasema, "Baba watoto, mzee hakukudhamini kwa tumbo la mtoto." Sh. 900 zikarudi. Zilitoka kwenye chai yangu na mandazi ya saa nne, na kwenye bodaboda ya asubuhi. Mtu mzima mwenye miguu miwili aweza kutembea kutoka landi mpaka kazini.

Tukafikiri mambo yamenyooka. Miezi sita baada ya kuanza nilikwenda kuomba taarifa ya mkopo, nikakuta deni limeshuka kama kwamba sikuongeza hata senti. Sh. 42,000 zangu zilikuwapo, lakini zimewekwa kando, zikihesabiwa kuwa malipo ya mbele ya miezi ijayo, na riba ikaendelea kutozwa juu ya deni zima. Karani hakuwa mtu mbaya. Alisema mimi sikuandika barua kwamba fedha zile zipunguze mkopo wenyewe. Niliandika barua siku ile ile, nakala mbili, moja ikapigwa muhuri nikaondoka nayo. Fedha ziliingizwa mahali pake, ila riba ya miezi ile haikurudi. Kwangu hasara ilikuwa elfu moja na kidogo. Kama nisingeuliza mpaka miaka mitano iishe, jasho lote lingekuwa bure, na mzee wa Ndhiwa angekaa chini ya nyasi.

Hapa nawaomba wanachama wasome polepole, maana ndipo wengi hupotea. Mkopo kama wangu, ambao riba hutozwa juu ya deni lililobaki, mwezi wa kwanza hula Sh. 6,000 za riba, na Sh. 7,347 tu ndizo hupunguza deni. Mtu anayekopa Sh. 600,000 na kulipa bila kuongeza hulipa riba ya Sh. 200,800 kwa miezi 60. Akiongeza Sh. 3,000 tu tangu mwezi wa kwanza, na zikaingizwa kwenye deni, humaliza kwa miezi 46, na riba huwa kama Sh. 151,000. Lakini kuna mikopo ambayo riba hupigwa mara moja juu ya fedha zote za mwanzo. Kwa asilimia ile ile 12 kwa mwaka, riba yake kwa miaka mitano ni Sh. 360,000, na ukilipa mapema hupati nafuu yo yote isipokuwa mkopeshaji amekubali kwa maandishi kukusamehe riba ya miezi iliyobaki. Mwenye mkopo wa namna hiyo asijinyime bure. Kwanza aulize.

Wale waliokopa benki kwa kuweka hati ya ardhi wajue kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yampa mwenye kuweka rehani haki ya kulipa na kuikomboa ardhi yake wakati wo wote kabla haijauzwa, na mapatano ya kumnyima haki hiyo hayana nguvu. Sheria hiyo hiyo yataka mke au mume anayeishi katika nyumba hiyo akubali kabla haijawekwa rehani. Ikiwa mke alitakiwa kutia sahihi siku ya kukopa, ni haki aione taarifa ya mkopo kila inapotoka. Wako kati yetu wanaoificha chini ya godoro.

Hatusemi kwamba kujinyima ndiyo dawa ya kila kitu. Tangu Julai 2023 tulianza kukatwa asilimia moja na nusu ya mshahara kwa ajili ya nyumba za serikali. Mahakama ilikataa sheria ya kwanza, na nyingine ikapitishwa Machi 2024. Mchango wa NSSF ulipanda kuanzia 2023. Oktoba 2024 ikaja bima ya afya ya asilimia 2.75. Mfanyakazi wa Rongo anayelipia nyumba yake mwenyewe akatwa tena kwa ajili ya nyumba ambayo pengine hataiona. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Wako wanachama waliokwisha kufika ukingoni, na hao wakiambiwa waongeze elfu tatu ni kuwadhihaki. Kazi ya chama kwao ni kudai mshahara, na chama hakiwezi kuiacha kazi hiyo kwa kuwahubiria habari za sukari.

Lakini liko jambo ambalo halihitaji mshahara kupanda. Mdhamini hapewi habari. Mzee wetu alijua hali ya mkopo wangu siku alipokwenda dirishani kutaka fedha zake, baada ya kuitumikia reli maisha yake yote. Kamati ya tawi yapendekeza kwamba tuwaombe wakopeshaji wetu kwa barua wampe kila mdhamini taarifa ya deni analolibeba, walau kila miezi mitatu. Na fomu ya mkopo iwe na mahali pa mkopaji kuandika kwamba cho chote kinachozidi kipunguze mkopo wenyewe. Vile vile mtu aliyebakiza miaka mitatu au chini kustaafu asiombwe kudhamini mkopo wa miaka mitano. Nililifanya kosa hilo mimi mwenyewe, nami nilijua umri wa mzee.

Juni 2024 barua ya kumwachilia ilitoka. Nilimpelekea Ndhiwa kwa mkono. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akamwita mkewe atupikie. Mabati yalipanda mwezi uliofuata. Sisi tuliendelea na mpango wetu, ingawa kuna miezi mitatu tuliyoshindwa kuongeza kitu, mmoja wao Januari 2025 wakati wa karo, na Septemba 2025 deni likaisha badala ya Januari 2027. Riba tuliyookoa ni zaidi ya Sh. 45,000. Sukari bado iko kabatini, lakini ufunguo anao mtoto.

Mapendekezo ya kamati yatapigiwa kura katika mkutano wa tawi Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Kila mwenye mkopo aje na taarifa yake, ya mwezi huu, si ya mwaka jana. Aliyedhamini wenzake aje na majina yao. Wake walioko mjini waje pia, viti vitakuwapo.