Mhuri wa kuchonga mwenyewe: nani analinda barua pepe yako?

Leo tuongelee mihuri. Sio ile ya ofisi ya kata, ni ile ya mtandaoni.

Ukifungua barua pepe au tovuti ya benki, tovuti hiyo inatoa cheti cha kidijitali kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe. Cheti kimesainiwa na mamlaka ya vyeti. Kivinjari chako kina orodha ya mamlaka kinazoziamini, na cheti chenye saini ya mojawapo kinapita bila maswali. Wewe umewahi kuulizwa kama unaziamini? Mimi sijawahi.

Basi juzi nikajaribu kuwa mamlaka mwenyewe. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaita OpenSSL, programu ya bure, nikaandika:

openssl req -x509 -newkey rsa:4096 -keyout siri.key -out mamlaka.crt -days 3650

Ikataka neno la siri, kisha nchi, mji na jina la taasisi. Nikaandika "Mamlaka Kuu ya Vyeti ya Mwezini". Haikubisha! Dakika chache baadaye nilikuwa na ufunguo wa siri wa kusainia na cheti cha miaka kumi. Nikasaini cheti cha tovuti ya benki niliyoibuni, nikaifungua kwenye kompyuta yangu. Kivinjari kikapiga kelele: mtu huyu simjui. Nikaiingiza Mamlaka ya Mwezini kwenye orodha ya wanaoaminiwa. Kelele kwisha, benki yangu feki ikawa salama kabisa!

Kumbe kuchonga mhuri ni kazi ya mtoto. Kazi ni kuutunza ufunguo, na kuamua nani aingie kwenye ile orodha.

Waulizeni Waholanzi. Mwaka 2011 wavamizi waliingia kwenye kampuni yao ya vyeti iitwayo DigiNotar, ambayo hata serikali iliitegemea. Wakajitolea vyeti zaidi ya 500 vya uongo, kimojawapo cha Google. Kampuni iligundua mwezi Julai, ikafuta vyeti ilivyoviona, ikanyamaza. Kile cha Google kikabaki kinafanya kazi. Mwishoni mwa Agosti mtumiaji mmoja wa Iran aliona onyo kwenye Chrome, akauliza hadharani. Uchunguzi wa kampuni ya Fox-IT ulikuta anwani za intaneti kama 300,000, karibu zote za Iran, zimepitia cheti hicho. Maana yake watu walikuwa wanasoma Gmail huku mtu katikati anaweza kusoma nao. Uchunguzi ukaonyesha pia kwamba seva hazikuwa na kinga ya virusi na neno la siri lilikuwa dhaifu. Septemba hiyo hiyo kampuni ikafilisika.

Kazakhstan hawakuhitaji hata kuvunja mlango. Mwaka 2019 wananchi waliambiwa waweke cheti cha serikali kwenye simu na kompyuta zao, eti kwa usalama. Ni kama mimi na Mamlaka ya Mwezini, ila wao wana nchi nzima. Agosti mwaka huo Google, Mozilla na Apple wakakizuia cheti hicho. Nilifurahi, lakini nikajiuliza: kumbe kampuni tatu za Marekani ndizo zinazoamua nani aaminiwe duniani? Siku hiyo walitutetea. Kesho je?

Kwetu sisi wa mgahawa wa intaneti jambo hili liko karibu zaidi. Mwenye mamlaka juu ya kompyuta uliyokalia anaweza kuongeza jina lolote kwenye orodha ile, nawe usione onyo lolote. Sisemi mwenye mgahawa wako ni mwizi. Nasema usalama wa kivinjari unategemea uaminifu wake. Mambo ya benki fanyia kwenye simu yako. Onyo la cheti likitokea, usibonyeze "endelea" kwa sababu tu dakika zako zinakwisha. Na ukiambiwa uweke cheti ndipo upate Wi-Fi ya bure, ondoka.

Yule mtu wa Iran hakulipuuza onyo, akauliza. Wenye mamlaka walikuwa wamenyamaza.

Nyie mnaonaje? Orodha hiyo ilindwe na nani: serikali, makampuni, au sisi wenyewe? Tumwageni maoni.