Kabla ya kalamu, mtoto ajue msimu wa maharagi

Kwa miaka michache tu, watoto wetu wa Kivu wamefungiwa shule mara nyingi. Machi 2020 ilikuwa ugonjwa wa Covid. Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, na sehemu ya mji wa Goma ikahamishwa. Januari na Februari 2025 vita viliingia Goma, kisha Bukavu, na madarasa yakafungwa tena. Kila mara wazazi waliuliza: wale wa mtihani wa serikali watafanya nini? Ni swali la haki. Lakini kuna kundi ambalo karibu hakuna aliyeuliza habari zake. Ni watoto wa miaka 3, 4 na 5, ambao hata wakati wa amani wengi wao hawakanyagi shule.

Sababu inajulikana. Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi. Kwa maternele, mzazi anatoa pesa. Mama anayeuza ndizi au sambaza akipiga hesabu ya minervali, unifomu na chakula cha mtoto cha kila siku, anaona afadhali mdogo abaki nyumbani mpaka afikishe miaka 6. Kwa hiyo tusiulizane kama nyumba inaweza kuwa shule ya kwanza ya mtoto. Imekuwa hivyo tayari. Tuulizane inamfundisha nini.

Kuna njia moja inayofaa kutazamwa. Inaitwa Waldorf. Ilianza mwaka 1919 katika mji wa Stuttgart, Ujerumani, wakati Emil Molt, mkubwa wa kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, alipomwomba Rudolf Steiner aanzishe shule kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi. Leo shule hizo ziko katika nchi nyingi, hata Nairobi na Dar es Salaam. Kwao, mtoto ambaye hajafika karibu miaka 7 hasukumwi na herufi. Anasikiliza hadithi kwa mdomo, hiyo hiyo kwa siku nyingi mpaka ameishika. Anaimba, anafinyanga, anafagia, anakanda unga pamoja na wakubwa. Na mwaka wake wa masomo unafuata majira: kila wakati na kazi yake, wimbo wake na sikukuu yake. Ulaya na Marekani kuna familia nyingi zinazofuata programu hiyo nyumbani, bila shule.

Maoni yangu ni haya: tuchukue mifupa ya njia hiyo, nyama tuweke yetu.

Programu zile zimeandikwa kwa watoto wa nchi za baridi. Zinasema juu ya theluji, majani yanayopukutika, taa za Mtakatifu Martino tarehe 11 Novemba. Mtoto wa Kadutu au wa Birere atajifunza nini kwa theluji? Tena zinaomba rangi, sufu na vitu vya mbao vya bei kali. Na kuna jambo lingine la kusema wazi: Steiner aliandika juu ya makabila ya dunia maneno yanayomweka mtu mweusi chini. Hayo tusiyabebe. Jembe tunaweza kulimia bila kukubali kila neno la mhunzi.

Majira tunayo ya kwetu, na ni mwalimu mzuri. Mkulima wa Kivu anajua msimu A, unaoanza na mvua za Septemba na kuishia karibu Januari, na msimu B, kutoka Februari mpaka Juni. Kati ya Juni na Agosti ni jua. Hiyo ndiyo programu, na hakuna anayeiuza.

Septemba, mtoto apewe mbegu kumi za maharagi, azihesabu, azipande mwenyewe. Kila asubuhi aende kutazama. Ngapi zimeota? Ngapi zimekufa? Hapo amejifunza kujumlisha na kutoa bila ubao. Maharagi mafupi yanaomba karibu miezi mitatu, kwa hiyo mtoto anajifunza pia jambo ambalo hata wakubwa linatushinda: kungojea. Mvua ikinyesha, mkebe mtupu uwekwe katikati ya lupango, apime kwa kidole maji yamefika wapi, alinganishe na ya jana. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, ni somo la wadudu na ni chakula pia. Wakati wa kuvuna, atenganishe maharagi meupe, mekundu na ya madoa. Kupanga vitu kwa rangi na kwa ukubwa ni mwanzo wa hesabu, na vidole vinavyochambua maharagi vinajitayarisha kushika kalamu.

Kwa wale wa pembeni ya ziwa Kivu kuna somo la mwezi. Wavuvi wa sambaza wanavua usiku na taa. Mbalamwezi ikiwa kamili, taa haivuti samaki kama usiku wa giza. Mtoto anayetazama mwezi kila jioni na kuweka jiwe moja kwa kila usiku atajua mwenyewe kwa nini kuna siku sambaza zinapungua sokoni.

Wakati wa jua unakutana na likizo kubwa, wakubwa wa nyumba wako pale. Ni wakati wa kusuka kitunga, kufinyanga udongo, kujifunza nyimbo. Kuna 30 Juni, siku ya uhuru. Kuna tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, tunapokwenda kusafisha makaburi ya waliotutangulia kisha kukaa na wazazi walio hai. Hakuna somo la historia litakaloingia kwa mtoto wa miaka mitano kuliko kung'oa majani kwenye kaburi la koko wake huku akielezwa koko huyo alitoka kijiji gani.

Na yote hayo yanafanyika kwa lugha anayoielewa. Wengi wetu tunafurahi mtoto wa miaka minne akisema «bonjour» mbele ya wageni. Si vibaya. Lakini mtoto anayekariri alfabeti ya Kifaransa bila kuelewa neno hata moja amejifunza sauti tu. Sheria ya mwaka 2014 juu ya masomo inakubali lugha za taifa kama njia ya kufundishia. Hadithi ya sungura na fisi kwa Kiswahili, kwa Mashi au kwa Kinande inampa maneno, na mwenye maneno ndiye anayesoma kwa urahisi baadaye.

Wengine watasema: mtoto atachelewa. Nchini Finland, shule ya lazima ilikuwa ikianza na miaka 7 kwa vizazi vingi, na watu wake si wajinga. Nchini New Zealand, mtafiti Sebastian Suggate na wenzake walilinganisha watoto wa shule za Steiner walioanza kusoma na miaka 7 na wengine walioanza na miaka 5. Karibu na miaka 11, wale wa nyuma walikuwa wamewafikia wenzao. Lakini tusijidanganye: watoto wale walipofika miaka 7 walimkuta mwalimu na vitabu vinawangoja. Kungojea kunasaidia tu kama kuna kitu mbele.

Wengine watasema: mama yuko sokoni tangu asubuhi mpaka jioni, nani atafundisha? Hilo ndilo neno zito zaidi. Njia hii haiombi mama akae siku nzima kama mwalimu. Inaomba mambo machache yasiyobadilika: hadithi jioni, kazi moja ndogo na mkubwa mmoja, kutazama mbegu asubuhi. Koko anaweza. Dada mkubwa anaweza akitoka shule, lakini asizuiwe kwenda shule kwa ajili ya hiyo. Wamama wa avenyu moja wanaweza kupeana zamu. Na kuna mpaka: mtoto wa miaka minne anayemwaga maji kidogo kwenye mche anajifunza. Yule anayebebeshwa bidoni ya lita 20 mlimani anaumizwa.

Waliokimbia vita hawana shamba, na hilo tunalijua. Lakini mfuko wa udongo mbele ya hema unaotesha lengalenga. Kwa mtoto aliyesikia risasi, kujua kwamba leo jioni hadithi itakuwepo, na kesho asubuhi mche utakuwa umeongezeka jani, si mchezo. Ni kitu cha kushikilia.

Ninayosema hapa yana mwisho wake, na mwisho ni miaka 6. Katiba yetu, kwa kifungu cha 43, inawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya kulea watoto wao, na inasema pia kwamba shule ya msingi ni ya lazima, na ya bure katika shule za serikali. Asitokee mzazi wa kusema kwamba maharagi yanatosha. Hesabu, kusoma, kuandika na cheti vinamngoja mtoto darasani, na msichana kama mvulana.

Wakubwa wa shule nao wafanye sehemu yao. Kuna shule zinazomkataa mtoto wa mwaka wa kwanza kwa sababu hakupita maternele na hajui kuandika jina lake. Mtoto anayehesabu mbegu, anayesimulia hadithi tangu mwanzo mpaka mwisho, anayeweza kukaa na kungojea zamu yake, huyo ametayarishwa. Mwulizeni anachojua kabla ya kumrudisha nyumbani.

Septemba mvua zitarudi, vita viwepo au visiwepo. Mzazi anayenunua mbegu za shamba amtengee mdogo wake kumi.