Chupa ya majani si kinga ya maini

Ndugu wasikilizaji wa Alimbongo, nanyi mliokimbia vita mkahifadhiwa kwa jamaa na katika vyumba vya shule.

Sokoni zinazunguka chupa za maji ya majani. Wauzaji wanasema eti ni kinga ya maini kwa wanaomeza dawa za kifua kikuu. Nasema wazi: wanajitajirisha kwa ugonjwa wa watu.

Uongo huo unauzika kwa sababu una ukweli ndani yake. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, dawa zile za miezi 6 tunazopewa bure, zinaweza kweli kuumiza maini. Na moringa ilijaribiwa: mwaka 2002 watafiti wa India waliandika kwamba dawa iliyokamuliwa kwenye majani yake ilipunguza madhara hayo. Kwa panya! Panya waliopimwa uzito, wakapewa kipimo kamili kila siku. Muuzaji wetu anapimia kifuniko cha chupa, wala hasemi ni majani gani. Kuna mimea inayoharibu maini yenyewe. Hata manjano tunayotia kwenye chakula, yakifanywa vidonge vikali, yamelaza watu hospitalini Ulaya na Marekani.

Lakini lawama isiishie sokoni. Mama mmoja aliyekimbia upande wa Kanyabayonga aliniambia alipewa vidonge bila kuelezwa dalili hata moja ya hatari. Macho yalipogeuka manjano akadhani ni uchovu, akanunua chupa. Wiki mbili akachanganya majani na vidonge. Nani atamlaumu yeye?

Ninyi wa vituo vya afya, maelezo ya dakika mbili yanawashinda? Semeni: macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai, kutapika, kukosa hamu ya kula, maumivu chini ya mbavu za kuume, mtu arudi siku hiyo hiyo, kabla ya kumeza kidonge kingine. Hapo daktari ataamua kusimamisha dawa, na namna ya kuzirudisha. Anayeacha peke yake na kukaa nyumbani, kifua kikuu kinarudi na nguvu, na watoto anaolala nao chumba kimoja wanakipata.

Anayetaka kweli kulinda maini yake aache kasiksi na lotoko miezi hiyo 6, na amwambie muuguzi kila dawa nyingine anayomeza, parasetamoli pia, na majani pia.

Muuzaji akitaka kunijibu, maikrofoni iko wazi. Aje na chupa yake, ataje kilichomo.