Anti Yangu Hanywi. Mbona Alipie Bando ya Pombe?

Wasee, leo nimeamka na hasira ya baharini. Ndiyo, baharini, na mimi chombo pekee nimewahi kupanda ni feri ya Likoni.

Story iko hivi. Anti yangu anaishi Texas na mume wake. Miaka yote hiyo amekuwa akitunza wazee, shifti za usiku, na ndiyo wamesema wacha na sisi tupumzike: safari ya meli ya kitalii, siku saba, kutoka bandari ya Galveston. Kwetu mimi ndiye "yule wa mitandao". Niliacha chuo, kwa hivyo kila mtu anaamini niko huru masaa 24. Akanipigia WhatsApp. "Hebu nipigie hesabu, hii bei inakataa kukaa vizuri." Nikamwambia, "Nitumie picha ya hiyo bei, anti."

Tiketi ilikuwa sawa. Shida ilikuwa vinywaji. Anko anapenda bia yake na glasi ya mvinyo jioni, akataka kununua ile bando ya vinywaji. Nasema bando kwa sababu ni bando kabisa, kama ya data: unalipa mapema, inahesabiwa kwa siku, na usichotumia leo hakivuki kesho. Sasa mfumo ukakataa kumuuzia anko peke yake. Mtu mzima mmoja kwenye kabini akinunua, watu wazima wote wa kabini hiyo wanunue.

Anti hanywi. Na si mambo ya kanisa pekee. Alimzika mjomba wangu, kaka yake wa kufuatana, na kwetu sote tunajua kilichomzika. Tangu siku hiyo hajagusa glasi. Huyo ndiye mtu anaambiwa alipie pombe ya wiki nzima ndiyo mume wake akunywe bia.

Kampuni yao siitaji, na haina haja. Hii si tabia ya kampuni moja. Carnival wana hiyo sheria ya kabini, Royal Caribbean pia wanayo. Ni kampuni kubwa zimekubali kuishi hivyo.

Tupige hesabu pamoja. Bei hubadilika kulingana na meli na msimu, kwa hivyo tuchukue mfano wa dola 70 kwa siku. Weka ada ya huduma ya asilimia 18, inakuwa dola 82.60. Mara siku saba, dola 578. Mara watu wawili, dola 1,156. Kwa dola moja shilingi 130, hiyo ni karibu shilingi 150,000, na nusu yake ni ya mtu anayekunywa chai. Mimi niliacha chuo nikidaiwa pesa kidogo kuliko hiyo nusu. Naiacha hapo.

Haya, na anko mwenyewe? Tuseme bia ni dola 8, na ile asilimia 18 juu. Ili bando yake imrudishie pesa, lazima akunywe bia tisa kila siku. Bia 63 kwa wiki. Mtu alikuwa anataka mbili za jioni! Bando haikuuzii vinywaji tu, inakuuzia ile presha ya "nimeshalipa, wacha nimalize". Nyinyi mnaijua. Ni ile ile ya kuangalia video ambazo hata huzipendi kwa sababu data inaisha saa sita usiku. Tofauti ni kwamba video haiui maini.

Sasa mtu mwenye akili atauliza: si anko abebe tu mvinyo wake kutoka nyumbani? Ruhusa ipo, ila imebanwa. Carnival wanaruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi kuingia na chupa moja ya mililita 750 siku ya kupanda, mvinyo au shampeni, kwenye begi la mkononi. Pombe kali hapana, bia hapana. Ukiipeleka hiyo chupa kwa meza ya chakula, unalipa ada ya kufunguliwa chupa yako mwenyewe, dola 15. Na ukinunua chupa dukani mle mle ndani ya meli, au mjini mkishuka, inawekwa stoo mpaka mwisho wa safari. Yaani wamekuuzia, wamechukua pesa, halafu wamekunyima.

Ukiuliza sababu, unaambiwa ni usalama. Watu wakilewa ovyo katikati ya bahari ni hatari. Hiyo ni kweli, sibishi. Lakini tuangalie sheria zao wenyewe. Bando ya Carnival ina kikomo cha vinywaji 15 vya pombe kwa masaa 24. Kumi na tano! Kwa hivyo glasi ya 15 kutoka baa yao ni salama, ila chupa yangu ya pili ya mvinyo ndiyo itazamisha meli? Halafu kuna Norwegian: wao wanakubali ubebe chupa zako za mvinyo, mradi ulipie dola 15 kwa kila chupa. Kama hatari ilikuwa chupa, dola 15 imeiondoa vipi? Hatari ikiondoka ukishalipa, basi hiyo ilikuwa bei. Isiitwe usalama.

Sababu ya pili wanayotoa ni kwamba watu watashiriki bando moja. Sawa, wezi wapo. Lakini kadi ya kila abiria imeunganishwa na picha yake, na mwenye bando haruhusiwi kuagiza viwili kwa mpigo. Vifaa vya kumshika mwizi wanavyo. Badala ya kumshika mmoja, wanamtoza kila mtu mapema. Ni kama makanga akulipishe viti viwili kwa sababu huenda ukampakata mtu.

Ukitaka ukweli, fuata pesa. Mwaka 2023, Carnival Corporation ilipata takriban dola bilioni 21.6, na karibu theluthi moja haikuwa ya tiketi. Ilitoka kwa vitu vya ndani ya meli kama vinywaji, kasino, intaneti na matembezi. Tiketi ya bei nafuu ni chambo. Ndoano iko baa.

Najua kuna mtu atasema, "Na wahudumu je? Wakenya wenzetu wako huko." Wako, na nawaheshimu. Vijana wa Mombasa wanaenda miezi mingi mfululizo, siku saba kwa wiki, na sheria ya kimataifa ya mabaharia inaruhusu hadi masaa 72 kwa wiki. Lakini mshahara wa mhudumu ni deni la mwajiri wake. Anti yangu hawezi kugeuzwa idara ya mishahara kupitia pombe asiyokunywa. Akihudumiwa vizuri atatoa chai mwenyewe, mkononi, na si kidogo.

Pia sisemi mfiche. Najua kuna watu hutia vodka kwenye chupa za dawa ya kusukutua mdomo. Huo ujinga ndio ulifanya Carnival wapige marufuku hata maji ya chupa mwaka 2015, na aliyeumia ni mama aliyetaka maji tu. Na kama hujafika umri, hii post si mwaliko. Huku ni 18, meli zinazotoka Marekani ni 21.

Ninachodai ni vitu viwili. Kwanza, anayekunywa alipe, asiyekunywa aachwe. Pili, bei ya bando ionyeshwe pamoja na ile asilimia 18 kabla mtu hajalipa tiketi, si baada ya kumfunga.

Na msicheke mkidhani ni shida ya watu wa Texas. Hapa Nairobi unaenda na keki ya birthday kwa restaurant, unalipishwa ada ya kuikata. Unalipa tiketi ya shoo, pale geti chupa yako ya maji inatupwa, ndani maji ni bei mara tatu. Tumezoea mpaka tunaona ni kawaida.

Anti na anko walikataa bando. Anko alibeba chupa yake moja, akalipa zile dola 15 akinung'unika, akaimaliza kwa jioni tatu. Anti alinitumia picha akiwa juu ya meli, kikombe cha chai mkononi, bahari nyuma yake. Akaandika: "Hii sijalipia."