Kitabu cha Zamani Kina Mwenyewe

Nimechoka kuwasikia walimu, tena walimu wenye vyeti, wakisema kwamba kitabu kisichoonekana tena madukani kimekwisha kuwa mali ya umma. Katika chuo kimoja cha ualimu hapa mkoani Arusha nimeikuta Rosa Mistika nzima imetolewa fotokopi, imebanwa pini, inauzwa kwa wanachuo. Nilipouliza nikajibiwa, "Mzee, hicho ni cha zamani." Cha zamani! Kilichapwa mwaka 1971, na mtungaji wake, Euphrase Kezilahabi, alifariki Januari 2020. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtungaji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Fanya hesabu, ndugu msomaji: warithi wake wana haki yao mpaka mwisho wa mwaka 2070.

Umri wa kitabu hauhesabiwi kwa umanjano wa karatasi zake. Hesabu huanzia kaburini.

Na hapo ndipo wapo wengine wanaonikera zaidi, wale wanaoogopa hata kilicho chao. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Miaka 50 ilitimia mwaka 2012. Kusadikika, aliyoichapisha mwaka 1951, ni yetu sote. Shule yoyote ya Tengeru au Usa River yenye rimu za karatasi na mashine ya kudurufu yaweza kuichapa na kuwagawia watoto bila kumwomba mtu ruhusa. (Ila usinakili dibaji, maelezo na picha za toleo jipya, hizo ni jasho la mtu mwingine.) Lakini mwalimu anaona maneno "haki zote zimehifadhiwa" kwenye ukurasa wa pili, anatetemeka, na watoto 40 wanaendelea kuchungulia nakala 2. Mathias Mnyampala naye, aliyefariki mwaka 1969, amekuwa huru tangu mwanzo wa mwaka 2020. Nani ameambiwa?

Wapo wanaochanganya asili na tafsiri. Shakespeare alikufa mwaka 1616, kwa hiyo tamthilia zake ni za yeyote. Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi si za yeyote: Kiswahili kile ni cha Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, na kinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2049. Anayetaka Shakespeare wa bure na akae chini amtafsiri mwenyewe, aone kama ni kazi nyepesi.

Hadithi na nyimbo za wazee wetu wa Meru nazo husemwa hazina mwenyewe kwa kuwa mtungaji hajulikani. La hasha. Sheria hiyohiyo iliweka sehemu nzima ya kulinda sanaa za jadi, na humtaka anayezitumia kibiashara nje ya mila zake aombe kibali. Watu wa mlima huu walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi yao. Leo wajukuu wao wanamwimbia mtalii nyimbo za nyanya zao, anazirekodi, anakwenda kuziuza, na sisi tunamshukuru kwa soda aliyotununulia.