KASUKU AKISOMA AYA YA SIJDA: JIBU KWA WATU WA MAADA



Sifa zote njema ni za Allah (S.W), aliyemuumba mwanadamu akamfundisha kubainisha, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, kuna maneno yanayoletwa majumbani mwetu na vijana wanaorudi kutoka vyuoni, na wengine wameyaokota kwenye simu hata chuo hawajakifika. Wanasema mwanadamu ni nyama, mifupa na umeme wa ubongo, basi. Fikra hutoka kwenye ubongo kama mkojo utokavyo kwenye figo. Kauli hii wanaiona mpya, kumbe Mjerumani Karl Vogt aliisema tangu katikati ya karne ya 19. Kilicho kipya ni ushahidi wanaoutoa. Tangu programu ya ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2022, wanasema: tazameni, mashine inazungumza, inatunga hata hotuba ya Ijumaa, na haina roho. Basi ninyi roho mnaitakia nini?

Swali hili halijibiwi kwa kufoka. Wapo masheikh ambao kijana akiliuliza darsani humtoa nje, naye huondoka na swali lake akalipeleka kwa walewale waliompa. Sisi tunasema lijibiwe, na jibu lake limo ndani ya vitabu vya fiqhi tunavyovisomesha kila siku.

Kasuku wa kijivu, huyu wa misitu ya Congo na Uganda, ni hodari wa kuiga sauti za watu. Mafaqihi wetu wa zamani waliuliza: ndege aliyefundishwa akitamka aya ya sijda nawe ukamsikia, je, utasujudu? Kwa Mashafii, ambao kwao sijda ya kisomo ni sunna, jibu ni hapana. Kwa Mahanafi, ambao kwao ni wajibu, kauli iliyosahihishwa pia ni kuwa haikuwajibikii. Kwa nini? Herufi si ni zilezile? Pengine hata matamshi yake yamenyooka kuliko ya baadhi ya wanafunzi wetu! Kinachokosekana ni kusudio na utambuzi. Sauti imetoka, lakini hakuna aliyesoma.

Vivyo hivyo mume akitamka talaka usingizini, mkewe hajaachika, kwani kalamu imeondolewa kwa aliyelala mpaka aamke. Mafaqihi hawa hawakuwahi kuona kompyuta, lakini walikwisha kutenganisha mambo mawili ambayo watu wa maada wanayachanganya: maneno, na yule anayeyakusudia.

Tazameni pia mwanzo wa Suratul Munafiqun. Wanafiki walimjia Mtume (S.A.W) wakashuhudia kuwa yeye ni Mtume wa Allah. Sentensi yao ni kweli tupu, haina kosa hata moja, na Allah anajua kuwa Muhammad ni Mtume Wake. Pamoja na hayo akawashuhudia kuwa ni waongo. Uongo huo ulikuwa wapi? Haukuwa katika sauti wala katika mpango wa maneno. Ulikuwa ndani yao. Na kinyume chake ni Ammar bin Yasir (R.A), aliyeteswa mpaka ulimi ukatamka alichotakiwa na makafiri, naye moyo wake umetulia juu ya imani. Hakuhukumiwa kwa sauti iliyomtoka. Sasa mtu anayesema hakuna kitu ila kinachopimika atupe mizani ya kupima tofauti ya mnafiki na mkweli wanaotamka shahada ileile kwa sauti ileile!

Turudi kwenye mashine. Imelishwa maandishi mengi mno yaliyoandikwa na watu, ikapimwa na kusahihishwa mpaka ikawa hodari wa kukisia neno lipi lifuate lipi. Hiyo ni kazi kubwa na hatuidharau. Lakini maana iliyomo imetoka kwa watu waliokusudia walichoandika, kama maneno ya kasuku yalivyotoka kwa mwenye nyumba. Mashine ikiandika "nakuahidi", nani ameahidi? Ikiandika "naapa", nani atatoa kafara kiapo kikivunjwa? Ahadi, kiapo, ushahidi, ijabu na kabuli za ndoa, vyote vinahitaji mwenye kukusudia. Huyo mkimfuta, mmefuta ndoa zenu wenyewe.

Watatuambia: mbona ubongo ukiumia, usemi hupotea? Ni kweli. Mwaka 1861 huko Paris, tabibu Paul Broca alieleza habari za mgonjwa ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, na alipokufa ilionekana sehemu ya mbele ya ubongo wake, upande wa kushoto, imeharibika. Lakini mgonjwa huyo alikuwa akielewa mengi aliyoambiwa. Na hata majeraha mengine yanayoondoa kuelewa, yanathibitisha kuwa msemaji anahitaji chombo. Kwamba chombo ndicho msemaji, hilo bado halijathibitishwa.

Na wakubwa wao wanalijua hilo. Mwaka 1998 mwanasayansi wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 alama za wazi za utambuzi zingepatikana katika mishipa ya ubongo. Juni 2023, mjini New York, Koch alikiri hadharani kuwa ameshindwa, akamlipa mwenzake kwa mvinyo. (Kamari na mvinyo tuwaachie wenyewe, sisi tunachukua kukiri kwao.) Hatusemi kuwa dau lile ndilo dalili ya roho, maana kesho huenda wakagundua mengi. Tunasema tu kuwa kijana wa mwaka wa kwanza asitangaze ushindi ambao walimu wake hawajaupata. Katika Suratul Israa Mtume (S.A.W) aliulizwa kuhusu roho, na jibu likawa kwamba ni katika amri ya Mola, nasi katika elimu tumepewa kidogo tu.

Basi wazazi, kijana wenu akirudi na maneno haya msimfukuze mezani. Muulizeni: mwanangu, hayo uliyotuambia, umeyakusudia au yamekutoka tu kama mkojo? Akisema yamemtoka tu, hatuna wajibu wa kuyasikiliza. Akisema ameyakusudia, mwambieni aanze kutueleza huyo aliyekusudia ni nani.

Wallahu a'lam.